Udongo ndani ya jiko: Siri ya makaa kudumu mpakani Busia

KATIKA vibanda vya mandazi na hoteli ndogondogo zilizotanda kuanzia Matayos hadi lango la mpaka mjini Busia, na vilevile Malaba ambako madereva wa malori husubiri zamu yao ya kuvuka, ni vyombo vichache vinavyofanya kazi kwa saa nyingi kuliko jiko. Huwashwa kabla ya alfajiri na huzimwa usiku wa manane. Hata hivyo, sehemu inayoamua kama mwenye biashara atabaki na faida au ataunguza mtaji wake wote haitazamwi na wengi. Sehemu hiyo ni tabaka la udongo uliochomwa ambalo hukaa ndani ya bati, mithili ya bitana ndani ya koti.

Bitana hiyo ina kazi mbili. Kwanza, huzuia joto lisitoroke kupitia ubavuni. Bati hupitisha joto upesi mno, na ndiyo maana jiko la bati tupu huchoma miguu ya mpishi huku sufuria ikichelewa kuchemka. Udongo uliochomwa hupitisha joto polepole, hivyo moto hulazimika kuelekea juu, kwenye chungu. Pili, huliepusha bati na makaa yenyewe. Kaa likipata hewa ya kutosha huweza kufikia nyuzi 800 hadi 1,000 za selisiasi, na kwa kiwango hicho bati jembamba huliwa na kutu ya moto likatoboka baada ya miezi michache.

Historia ya jiko la bati nchini husimuliwa ikianzia kwa vibarua wa Kihindi walioletwa kujenga Reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901. Wao ndio wanaotajwa kuleta seredani ya bati isiyo na udongo ndani, ambayo mafundi wa jua kali waliiga na kuisambaza kila mahali. Upande wa pili wa mpaka, Waganda huiita sigiri, na neno hilo limezoeleka pia katika masoko ya Busia.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwezi Agosti 1981, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na zile zinazoweza kutumika tena, na suala la makaa likapewa uzito ambao halikuwa nao awali. Kupitia mradi uliofadhiliwa na Marekani, wataalamu na mafundi wa Kenya walichunguza jiko la ndoo la Thailand, ambalo kwa ndani lilikuwa na chungu kizito cha udongo. Muungano wa mashirika ya nishati uliojulikana kama KENGO ulishiriki katika kueneza maarifa hayo, nao mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, wakayatia katika bati. Jiko la kauri la Kenya likazaliwa.

Halikuzaliwa likiwa kamili. Miundo ya awali ilikuwa na kuta zilizonyooka na udongo kuanzia juu hadi chini. Jiko lilikuwa zito, liliyumba akina mama walipokoroga ugali, na udongo ulipasuka kwa sababu haukuwa na nafasi ya kutanuka. Lililofaulu ni lile la kiuno chembamba ambalo leo linajulikana na kila mtu: juu pana, kati jembamba, chini pana tena, na udongo ukiwa sehemu ya juu pekee. Chini hubaki bati, ambako majivu huangukia na hewa huingilia. Bitana hushikizwa kwa mchanganyiko wa saruji na vermikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Tathmini nyingi zimekadiria kuwa jiko hilo hupunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na lile la bati tupu. Umbo lake lilienea hadi Uganda, Tanzania, Rwanda na Ethiopia.

Kwa wanaotumia kuni, magharibi mwa Kenya kulipata jiko lake. Liliitwa Maendeleo, kwa kuwa chama cha Maendeleo ya Wanawake kilihusika kulieneza katika miaka ya 1980, na baadaye likajulikana kama Upesi. Hilo halina bati hata kidogo. Ni chungu kisicho na kitako ambacho hufinyangwa na kuchomwa, kisha hujengewa kwa matope na mawe katika sakafu ya jikoni. Vikundi vya akina mama wafinyanzi wa magharibi ndivyo vilivyolifanya kuwa biashara, na haishangazi: ufinyanzi katika eneo hili ni ujuzi uliorithiwa kwa vizazi, na udongo wa vinamasi haujakosekana.

Mahitaji hayajapungua. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya familia nchini zilitegemea kuni kupikia, asilimia 23.9 gesi na asilimia 11.6 makaa. Wakati huohuo makaa yamezidi kuwa adimu. Mnamo Februari 2018 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, hatua iliyodumu hadi Julai 2023 ilipotangazwa kuondolewa. Nchini Uganda, Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alitoa agizo la kuharamisha uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi hiyo. Mji wa mpakani huyahisi maagizo ya aina hiyo kabla ya miji mingine. Anayepika kwa jiko ambalo udongo wake umebomoka hulipia gunia lilelile, lakini sehemu ya joto lake huishia ukutani.

Kwa nini bitana hupasuka?

Swali hili ndilo linalowasumbua wanunuzi, na lawama mara nyingi hutupiwa makaa. Ukweli ni kwamba bitana nyingi huwa zimeshaharibika kabla hazijatoka kwa mfinyanzi. Udongo mtupu, laini na unaonata sana, hunywea unapokauka na hunywea tena unapochomwa. Mfinyanzi mwerevu huuchanganya na kitu cha kuupunguzia ukali: mchanga, vumbi la mbao, au vigae vya vyungu vilivyosagwa. Vigae ndivyo bora kuliko vyote kwa kuwa vimekwisha kupita motoni na havitanywea tena. Mchanga una hila yake. Chembe zake ngumu hutanuka ghafla joto linapofikia nyuzi 573, na ukizidi kipimo, kila mpishi anapowasha na kuzima jiko ufa huongezeka kidogo.

Kaunti ya Busia ina malighafi nyingine ambayo kwa kawaida huchukuliwa kama takataka. Maganda ya mpunga kutoka mashamba ya Bunyala yakichanganywa na udongo huungua wakati wa kuchoma na kuacha vitundu vidogovidogo. Vitundu hivyo hujaa hewa, na hewa iliyofungiwa ni kizuizi kizuri cha joto. Tatizo ni kwamba yakitiwa mengi, tofali huwa jepesi lakini dhaifu, likavunjwa na koleo siku ya kwanza.

Baada ya kufinyangwa, chungu hustahili kukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, si juani. Kikiingizwa tanuruni kikiwa na unyevu, maji hugeuka mvuke ndani ya udongo na kuupasua. Aidha, moto wa kuchomea ukikosa nguvu, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hayatoki, na chungu kikilowa hurudi kuwa tope. Bitana nzuri huhitaji nyuzi 800 hadi 900, kiwango ambacho moto wa wazi wa majani na matawi hukifikia kwa shida.

Mnunuzi anaweza kubaini hayo pale sokoni. Akigonga bitana kwa kifundo cha kidole, iliyoiva hulia kama kengele. Yenye ufa au isiyoiva hutoa sauti nzito iliyozibwa. Akikwaruza kwa ukucha, unga haustahili kutoka. Matundu ya chini yapitishe hewa bila kuangusha makaa. Bitana ambayo tayari imepakwa rangi au saruji kwa ndani ni ya kutiliwa shaka, maana fundi huenda anaficha kitu.

Kosa la mpishi ni moja, nalo ni kuzima makaa kwa kuyamwagia maji yakiwa ndani ya jiko. Udongo wa nyuzi 700 ukikutana na maji baridi hauna la kufanya ila kupasuka. Makaa yaondolewe kwa koleo na kufunikwa katika mkebe; yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho yatatumika.

Tanuri kubwa na matofali yake

Wenye kuoka mikate, pamoja na shule zinazopikia mamia ya wanafunzi, huhitaji kitu imara kuliko chungu cha jiko. Hapo ndipo matofali ya kustahimili moto yanapoingia. Tofali la kawaida jekundu linalochomwa vijijini huwa na madini ya chuma kwa wingi na huanza kulegea kwenye nyuzi 1,100 hivi. Lile la kustahimili moto hutengenezwa kwa udongo maalumu wenye alumina nyingi, na huvumilia nyuzi 1,400 na zaidi. Vipimo vyake vya kawaida ni milimita 230 kwa 114 kwa 64.

Mafundi wengi huyanunua matofali hayo kwa bei ghali, kisha huyaunganisha kwa saruji ya kawaida. Ni sawa na kushona koti la sufu kwa uzi wa katani. Saruji hiyo huanza kupoteza nguvu joto likipita nyuzi 300, na ifikapo 500 huwa unga. Kinachotakiwa ni ujiji wa udongo uleule wa kustahimili moto, uliosagwa laini, na kiungo kisichozidi milimita 3. Nyuma ya matofali kuwe na tabaka jepesi la kuzuia joto, kama vile vermikulaiti au matofali yenye vitundu, na pengo dogo la kutanukia liachwe kwenye pembe. Tanuri jipya huwashwa kwa moto mdogo siku ya kwanza, likaongezwa kidogo kidogo kwa muda wa juma moja.

Wanaohamia gesi hudhani matofali hayana kazi tena. Wengi wamehamia, hasa tangu ushuru wa VAT kwenye gesi ya kupikia, uliorejeshwa kwa asilimia 16 Julai 2021 na kupunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ulipoondolewa Julai 2023. Kwa sufuria ya nyumbani dhana hiyo ni sahihi. Kwa tanuri la kuoka si sahihi, kwa sababu matofali huhifadhi joto na kulirudisha kwenye mkate hata moto ukipunguzwa.

Tahadhari yapasa kuzingatiwa hapa, kwani inahusu uhai. Ndimi za gesi zisiguse tofali. Zikigusa kitu baridi, gesi haiungui yote; masizi hutanda na kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na harufu, huzalishwa. Rangi ya buluu ni dalili njema, ya manjano ni onyo. Tanuri liwe na bomba la moshi na tundu la hewa ambalo halizibwi usiku wa baridi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, kwa hivyo mtungi usiwekwe chini ya tanuri wala shimoni. Jiko la makaa nalo hutoa sumu hiyohiyo, na kulala nalo chumbani kumeua familia nyingi nchini.

Bitana ikichakaa, si lazima jiko lote litupwe. Fundi hubomoa saruji ya zamani, huingiza chungu kipya na kukishikiza upya, kazi ambayo gharama yake ni ndogo kuliko ya jiko jipya mradi bati bado lina nguvu. Jiko huachwa siku tatu au nne kabla ya kuwashwa. Vipande vya bitana iliyovunjika navyo hurudishwa kwa mfinyanzi, ambaye huvisaga na kuvichanganya katika udongo wa chungu kinachofuata.