Kigari cha Mtoto: Miaka Mia Sita ya Wazazi Wenye Shughuli

Katika Maktaba ya Morgan mjini New York kuna kitabu cha sala kilichoandikwa na kupambwa kwa mkono huko Utrecht, Uholanzi, yapata mwaka 1440. Kilitengenezwa kwa ajili ya bibi mkwasi aliyeitwa Catherine wa Cleves. Ukurasa wake mmoja unaonyesha Familia Takatifu nyumbani. Yosefu anapiga randa ubao, Mariamu anafuma nguo, na mtoto Yesu yuko ndani ya fremu ya mbao yenye magurudumu, akijaribu hatua zake za kwanza. Mchoraji amekiweka kifaa hicho bila maelezo yoyote, kama chombo kingine chochote cha nyumbani.

Ukiitazama picha hiyo kwa makini utaona kwamba hakuna mkono uliobaki bure. Baba yuko kazini, mama yuko kazini, na mtoto ameshikiliwa na mbao. Mengi ya historia ya kigari cha mtoto, ambacho siku hizi watu wengi hukiita woka, yamo humo. Tangu zamani kimesifiwa kuwa kinafundisha kutembea. Ukweli ni kwamba kazi yake kubwa imekuwa kumtuliza mtoto mahali pamoja ili mtu mzima apate nafasi ya kufanya jingine. Mzazi anayekwenda dukani leo akilijua hilo, atachagua vizuri zaidi.

Miongo michache baada ya kitabu kile, Hieronymus Bosch alichora mtoto akiwa na fremu ya kutembelea mkono mmoja na kichezeo cha kuzungushwa na upepo mkono wa pili. Mchoro huo uko Vienna, nyuma ya ubao wenye picha ya Kristo akibeba msalaba. Fremu ya Bosch si kama ile ya Utrecht: huyu mtoto hakutiwa ndani, anasimama kwa miguu yake mwenyewe na kuisukuma fremu mbele. Kwa hiyo kufikia yapata mwaka 1500 kulikuwa tayari na aina mbili, kigari cha kusukumwa na kigari cha kukaliwa, na hadi leo hizo mbili hazina athari moja kwa mtoto.

Malalamiko nayo yalianza mapema. Felix Würtz, mpasuaji wa Basel aliyeishi karne ya 16, aliandika juu ya magonjwa na maumivu ya watoto wachanga, na hakusita kuwalaumu waliomtia mtoto kwenye kigoda cha kusimamia. Vigoda hivyo vilikuwa na tundu juu. Mtoto alipitishwa humo akabaki wima, hawezi kukaa wala kutoka. Würtz aliona kwamba mama au yaya akishamweka mtoto humo humsahau na kwenda zake, huku mtoto akichoka juu ya miguu isiyo na nguvu bado. Leo, zaidi ya miaka 400 baadaye, madaktari wa watoto wanasema karibu maneno hayohayo.

Hata hivyo si haki kuwahukumu akina mama wale bila kuitazama nyumba waliyoishi. Moto wa kupikia na kuotea ulikuwa wazi, katikati ya maisha ya kila siku. Katika nyumba za kale za Uingereza ilikuwapo nguzo iliyosimikwa kutoka sakafuni hadi kwenye boriti ya dari. Kwenye nguzo hiyo kulikuwa na mkono wa mbao, na mwishoni mwa mkono huo pete ya kumzunguka mtoto kifuani au kiunoni. Mtoto aliweza kutembea kwa kuizunguka nguzo, lakini hakuweza kuufikia moto. Vilikuwapo pia vibao vyenye tundu vilivyoteleza kati ya reli mbili, mtoto akienda mbele na kurudi nyuma, basi. Vifaa hivi vilikuwa duni, ila vilikuwa na sifa moja ambayo vya plastiki vya karne ya 20 vilikuja kuipoteza: vilikuwa na mwisho. Mtoto hakuweza kufika mbali.

Ilikuwapo sababu nyingine, ya fikra zaidi kuliko ya moto. Watu wengi wa Ulaya ya wakati ule hawakupenda kumwona mtoto akitambaa. Kwenda kwa mikono na magoti kulionekana ni mwendo wa mnyama, na sakafu zilikuwa baridi na chafu. Mtoto alisimamishwa upesi iwezekanavyo. Gauni lake lilishonewa tepe ndefu mabegani, mama akazishika kwa nyuma asianguke. Kichwani alivishwa kofia iliyojazwa vitu laini ili akianguka asiumie. Katika mchoro wa Rembrandt wa miaka ya 1630, ambao sasa uko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, wanawake wawili wameinama wakimwongoza mtoto aliyevaa kofia ya aina hiyo. Mistari ni michache mno, lakini uzito wa migongo ile miwili unausikia.

Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau alichapisha kitabu chake cha malezi, Émile, na humo alivikataa vyote kwa mpigo: kofia, tepe na vigari. Alitaka mtoto apelekwe uwanjani, aachwe aanguke na kuinuka mara nyingi. Rousseau si mtu wa kuigwa katika ulezi, maana watoto wake mwenyewe aliwapeleka kwenye makao ya watoto waliotupwa. Lakini katika jambo hili moja utafiti wa baadaye umekuwa upande wake.

Karne ya 20 ilileta plastiki, kiti cha kitambaa, magurudumu madogo yanayozunguka kila upande, na sinia la mbele lenye njuga na vichezeo. Bei ilishuka, kigari kikaingia nyumba nyingi. Mtoto wa miezi minane aliyekuwa hawezi kutambaa akaweza kukimbia karibu mita moja kwa sekunde. Mama aliye hatua tatu nyuma yake hamfikii. Ndiyo maana ajali nyingi za vigari zimetokea mtu mzima akiwa palepale, akitazama.

Takwimu za Marekani zinatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Pediatrics ulikadiria kwamba kati ya 1990 na 2014 watoto 230,676 wenye umri chini ya miezi 15 walitibiwa katika vyumba vya dharura kwa majeraha ya vigari. Asilimia 90.6 waliumia kichwani au shingoni. Asilimia 74.1 walikuwa wameporomoka kwenye ngazi wakiwa ndani ya kigari. Miongoni mwa waliolazwa, zaidi ya theluthi moja walikuwa wamevunjika fuvu.

Nchi hiyo haikupiga marufuku. Ilibadilisha muundo. Mwaka 1997 kanuni ya hiari ya watengenezaji ilitaka kigari kiwe na kitako kipana kuliko mlango wa inchi 36, yaani karibu sentimita 91, au kiwe na mpira chini unaong'ang'ania sakafu pindi gurudumu moja linapovuka ukingo wa ngazi. Majeraha yalipungua kwa asilimia 84.5 kati ya 1990 na 2003. Mwaka 2010 kanuni ikawa sheria, na majeraha yakapungua tena. Hata hivyo Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kimeendelea kudai marufuku kamili.

Kanada haikungoja. Wafanyabiashara wake walikubaliana kwa hiari kuacha kuviuza mwaka 1989, lakini vya mitumba viliendelea kupita mkono kwa mkono, na watoto wakaendelea kuumia. Tarehe 7 Aprili 2004 Kanada ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kuviuza, kuviagiza na kuvitangaza. Marufuku hiyo inagusa hata anayeuza cha zamani mbele ya nyumba yake.

Je, angalau kigari kinamfundisha mtoto kutembea? Mwaka 1999 Siegel na Burton walichapisha utafiti wa watoto 109. Waliowekwa kwenye vigari walichelewa kukaa, kutambaa na kutembea kuliko wenzao. Watafiti walitilia shaka hasa lile sinia pana la mbele, kwa kuwa linamzuia mtoto kuona miguu yake mwenyewe inavyokwenda. Miaka mitatu baadaye utafiti wa Ireland katika British Medical Journal ulikuta kwamba kila saa 24 ambazo mtoto alikaa kwenye kigari, kwa jumla yake, ziliendana na kuchelewa kutembea mwenyewe kwa siku 3.3.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake, nao haukuhitaji magurudumu. Charles Super aliishi na kufanya utafiti Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, na mwaka 1976 alieleza jinsi akina mama wa huko walivyowafundisha watoto wao kwa makusudi. Mtoto alichimbiwa kishimo kifupi ardhini, akakalishwa humo na kuegemezwa kwa mablanketi hadi mgongo ukakaza. Baadaye alishikwa mikono na kutembezwa, kila siku, na watu wa nyumbani. Watoto hao walikaa na kutembea yapata mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Kimarekani. Kutambaa hawakufundishwa, na katika kutambaa hawakutangulia. Kilichofanya kazi hapo ni mikono ya watu na muda wao, kitu ambacho kigari kilibuniwa kukiokoa.

Wala hakuna sababu ya kukimbizana. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na katika matokeo ya mwaka 2006 muda wa kawaida wa kutembea bila msaada ulikuwa kuanzia miezi 8.2 hadi 17.6. Mtoto wa miezi 13 anayesimama dede akishikilia kochi hana kasoro. Mkeka safi, meza imara ya kushikilia na vidole viwili vya dada yake vinamtosha.

Anayetaka kununua, basi, aanze kwa kuiangalia nyumba. Penye ngazi, kizingiti kirefu, jiko la mkaa sakafuni au ndoo ya maji, kigari cha kukaliwa kisiingie kabisa. Bora zaidi ni kile kisicho na magurudumu, ambacho mtoto anakaa na kurukaruka bila kuhama. Aliyekwisha kusimama mwenyewe anafaa kupewa kigari cha kusukuma, kizito chini, ambacho hakikimbii mbele anapokiegemea. Na kama ni lazima kile cha magurudumu, kipinduliwe palepale dukani: kitako kiwe kipana, mipira ya breki iwe mizima, pasiwe na mwanya wa kubana vidole, kisha nyumbani kitumike kwa dakika chache mtu mzima akiwa ameketi kando yake.

Cha mitumba kisicho na breki kisinunuliwe kwa bei yoyote. Kanada iliwataka waliobaki na vigari majumbani wavivunje kabisa kabla ya kuvitupa, ili mtu mwingine asiviokote. Mwenye cha namna hiyo stoo na akivunje leo, asimpe jirani.