Ukijani wa Kilwa na Tofali Lililoungua la Chimala

Najua nilipotea. BTP ilinibana, nikarudi Iringa nikakuta kazi za chuo zinanisubiri, boom lenyewe halijaingia. Ila leo lazima niandike, maana kuna darasa zima la kidato cha pili pale nyumbani Chimala nimeliachia jibu la uongo.

Ilikuwa wiki ya mwisho. Mada ni mahusiano ya Afrika na Mashariki ya Mbali. Nikawaonyesha picha ya vigae vilivyochimbwa Kilwa Kisiwani, vile vya kijani vinavyong'aa kama jani lenye umande. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasimama: "Mwalimu, huo ukijani waliutoa wapi? Na kwa nini sisi hatukuweza?" Swali la pili nikalikwepa kiutu uzima. La kwanza nikajibu kwa sauti kubwa: shaba! Kengele ikagonga, nikashukuru Mungu.

Jumamosi nikapita kwenye tanuri la mjomba la matofali. Usangu kwetu mpunga ni mwingi, kwa hiyo pumba huchomewa matofali pamoja na kuni. Mdomoni mwa tanuri nikaona tofali limeyeyuka upande mmoja, limefanya ngozi kama kioo cha chupa, kijani. Nikaliokota. Mjomba akacheka: "Hilo limeungua, mjomba. Halina mteja."

Ndani ya basi ndipo nikashtuka. Mle tanurini shaba iliingia saa ngapi?

Nimemsumbua rafiki yangu wa kemia, nimekaa maktaba siku mbili. Mambo ni hivi. Kilwa kuna ukijani wa aina mbili. Wa zamani zaidi, wa karne ya 9 na ya 10 hivi, ni wa mitungi mikubwa kutoka Iraq na Uajemi, rangi yake kati ya kijani na samawati. Hiyo kweli ni shaba, imechomwa kwenye moto wa wastani wenye hewa ya kutosha. Hapo nilipatia, kwa bahati.

Lakini vigae vya kwenye picha yangu ni seladoni, vyombo vya Longquan, mkoa wa Zhejiang, China, vilivyokuja kwa wingi karne ya 13 hadi ya 15. Neville Chittick alivichimba Kilwa miaka ya 1960. Ibn Battuta alipofika kisiwani mwaka 1331, naamini kuna tajiri aliyekuwa akila wali kwenye bakuli la namna hiyo (haya ni mawazo yangu, msininukuu kwenye UE). Ukijani huo ni CHUMA. Kutu ile ile! Kiasi kidogo tu, asilimia 1 hadi 3 hivi ya glezi, yaani ile ngozi ya kioo juu ya chombo.

Siri iko kwenye moto. Tanuri likifika kama nyuzi 1,200 na zaidi, mchomaji anabana hewa. Moto unakosa oksijeni, unatoa kaboni monoksidi, na gesi hiyo inakwenda kuinyang'anya kutu oksijeni yake. Chuma chenye oksijeni nyingi kinatoa njano na kahawia, kikinyang'anywa kinageuka kijani. Shaba kwenye moto huo huo ingetoa nyekundu! Yaani jibu langu lingempa Mchina bakuli la rangi ya damu. Na wafinyanzi wa leo wanaotaka kijani kikali kabisa hutumia kromu, lakini hiyo ilikuja kutambuliwa Ufaransa mwaka 1797.

Sasa rudi kwa mjomba. Udongo wake ni mwekundu, una chuma. Majivu ya pumba ni silika karibu yote, ambayo ndiyo mwili wa kioo. Majivu ya kuni yana chokaa na potashi, vinavyosaidia kuyeyusha. Halafu wakishajaza kuni wanaziba midomo ya tanuri kwa tope, hewa inakwisha. Jamani! Mjomba anatengeneza binamu wa seladoni bila kutaka, halafu anamtupa.

Na lile swali nililolikwepa? Wanawake wa Kikisi kule Ikombe, ng'ambo ya milima yetu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanachoma vyungu hewani, kwenye moto usiofika nyuzi 1,000. Glezi ya Longquan isingeyeyuka hapo. Lakini chungu chao kinakaa juu ya mafiga siku nzima, kwa sababu vinyweleo vyake vinavumilia moto. Weka bakuli la seladoni juu ya mafiga uone litakavyopasuka. Waliokuwa wakipika walihitaji chungu. Waliotaka kuonyesha utajiri walinunua bakuli, na wengine pale Kunduchi walipachika mabakuli ya Kichina kwenye nguzo za makaburi, ambako hakuna anayepika.

Jana nimeandika kurasa mbili, nikafunga kipande cha tofali kwenye gazeti, nikampa konda wa basi la Mbeya ashushe Chimala. Mwalimu mwenyeji wangu atalisomea darasa, kasema kipindi kijacho ni Jumatano. Kwa yule binti nimeandika jina lake juu kabisa, na neno moja: nilikosea.

Wa kemia karibuni mnisahihishe.