Riwaya au filamu bubu: Ipi inatisha zaidi?

Ni saa nne usiku, umeme umekatika na simu imebaki na chaji asilimia 30. Una machaguo mawili: kusoma riwaya ya kutisha, au kutazama filamu ya kutisha ya miaka 100 iliyopita ambayo haina sauti ya mtu hata moja. Ipi itakunyima usingizi?

Mashabiki wa hadithi za kutisha wanalibishania hili kama wengine wanavyobishana Simba na Yanga. Kambi moja inasema hakuna picha inayoweza kuizidi akili ya msomaji. Kambi ya pili inajibu kwamba uso mmoja wa kutisha, ukikutazama bila kusema neno, unatosha kufunga mjadala.

Kwa mtu wa Mbwara, wilayani Rufiji, mada hii inaweza kuonekana ni ya Ulaya huko. Si kweli. Moja ya hadithi zinazoweza kuupima ubishi huu vizuri ilitokea kwenye wilaya hiyohiyo, kule Ngarambe. Lakini kabla ya kufika huko, tuanze na hoja za kila upande.

Filamu bubu zilikuwaje?

Tangu sinema zilipoanza kuonyeshwa hadharani mwaka 1895 hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, karibu filamu zote hazikuwa na sauti. Waigizaji walitumia uso na mwili, na maneno ya muhimu yaliandikwa kwenye vibao vilivyokatiza picha. Mwaka 1927 filamu ya Marekani, The Jazz Singer, ikaingiza maneno ya kusikika. Miaka michache baadaye enzi ya bubu ikawa imekwisha.

Ila bubu haikumaanisha ukimya. Ukumbini alikuwepo mpiga piano, wakati mwingine bendi nzima. Japani walikwenda mbali zaidi: walikuwa na msimulizi anayeitwa benshi, aliyekaa kando ya pazia na kueleza kila kinachotokea. Mshike akilini msimulizi huyu, kwa sababu ana ndugu zake Tanzania.

Zanzibar nayo haikuachwa nyuma. Ukumbi wa Royal ulifunguliwa mwaka 1921, miaka sita kabla ya filamu kuanza kuongea.

Kambi ya riwaya: "Hofu iko kichwani"

Hoja kubwa ya wasomaji ni kwamba mwandishi hakuonyeshi kitu. Anakupa maneno tu, picha unaitengeneza mwenyewe. Na hakuna anayekijua unachokiogopa kuliko wewe.

Chukua Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897. Imeandikwa kwa barua na kumbukumbu za kila siku za wahusika. Hakuna hata mmoja anayejua habari yote. Msomaji ndiye anayeunganisha vipande, na mara nyingi anaiona hatari kabla ya mhusika mwenyewe.

Au Frankenstein ya Mary Shelley, ya mwaka 1818. Wengi wanalijua lile dubwana linalotembea kama gogo. Kwenye kitabu halipo hivyo kabisa. Linajifunza kuongea, linasoma vitabu, na linaeleza kwa kirefu uchungu wa kukataliwa na aliyeliumba. Unaliogopa na kulionea huruma kwa wakati mmoja. Filamu bubu ingefanyaje hapo?

Kwa Kiswahili, kambi hii ina silaha yake: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikachapishwa mwaka 1960. Jina lenyewe linakutisha kabla hujafungua ukurasa. Mtu ameuawa, maiti iko mahali pa mizimu, na minong'ono inaanza. Anayekataa kuishia kwenye minong'ono ni Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, anayetaka ushahidi.

Mwaka 1968 mwandishi huyo akatoa Kisima cha Giningi. Kwa imani za Zanzibar, Giningi ni mji wa wachawi usioonekana na watu wa kawaida. Mtu aliyelelewa Unguja au Pemba hahitaji kuchorewa picha yake.

Kambi ya filamu: "Acha maneno, tazama"

Upande wa pili unaanza na Nosferatu, filamu ya Mjerumani F. W. Murnau ya mwaka 1922. Max Schreck anacheza Count Orlok, mnyonya damu mwenye kipara, masikio yaliyochongoka na vidole virefu kama kucha za mwewe. Sehemu inayokumbukwa zaidi ina kivuli chake tu kikipanda ngazi, taratibu, kuelekea chumba cha mwanamke. Hakuna mlio. Hakuna kelele. Kivuli basi.

Mashabiki wa filamu bubu wanasema hapo ndipo ilipo nguvu yake. Muvi za sasa hukuonya: muziki ukipanda, unajua jambo linakuja na unafumba macho. Kwenye filamu bubu, hasa ukiitazama bila muziki wowote, hakuna wa kukuonya.

Nosferatu pia ilibadilisha hadithi yenyewe. Kwenye riwaya, Dracula anaweza kutembea mchana, japo nguvu zake zinapungua. Ni filamu hii iliyoleta wazo la mnyonya damu kuuawa na mwanga wa jua. Kila unapoona kwenye muvi ya leo vampaya akiungua asubuhi, hilo limetoka kwenye filamu bubu, si kwenye kitabu.

Kuna nyingine mbili zinazotajwa sana. The Cabinet of Dr. Caligari ya mwaka 1920 ilipigwa kwenye mandhari ya kuchora, nyumba zimepinda na vivuli vimepakwa rangi ukutani, utadhani upo ndani ya ndoto ya mgonjwa wa homa. The Phantom of the Opera ya mwaka 1925 ina Lon Chaney, aliyejipodoa mwenyewe hadi uso ukafanana na fuvu. Waliotengeneza filamu hiyo waliificha sura hiyo hadi siku watu walipoingia ukumbini.

Faida nyingine: uso hauhitaji mkalimani. Aliyeshtuka Berlin mwaka 1922 na anayeshtuka Ikwiriri leo wanatishwa na kitu kilekile.

Tulikuwa na Dracula wetu

Kabla ya kusema haya ni mambo ya Wazungu, kumbuka mumiani. Tangu enzi za ukoloni, kuanzia pwani ya Tanzania na Kenya hadi Uganda, watu walisimuliana habari za watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu. Mijini, lawama ziliangukia hata wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliyachukulia masimulizi hayo kwa uzito na kuyaandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000.

Mumiani hakuwa na riwaya wala filamu. Alikuwa na mdomo wa mtu na giza tu. Hata hivyo aliwafanya watu wazima wafunge milango mapema.

Mtihani wa Ngarambe

Sasa twende Ngarambe. Mwaka 1904, kwa mujibu wa masimulizi ya wazee yaliyokusanywa baadaye, Kinjikitile Ngwale alivutwa na pepo anayeitwa Hongo hadi ndani ya maji. Ndugu zake walimtafuta na kumkosa. Kesho yake akatoka mzima, na nguo zake zilikuwa kavu.

Hebu iwaze hadithi hiyo mikononi mwa kambi mbili. Mwandishi wa riwaya angeingia naye majini na kukueleza alichokiona, alichosikia, na alivyojua kwamba hatarudi akiwa mtu yuleyule. Mtengeneza filamu bubu angebaki ukingoni: maji yametulia, nyuso za ndugu zinasubiri, jua linazama, na hakuna anayeibuka. Kila mmoja anaficha nusu ya hadithi, na ile nusu iliyofichwa ndiyo inayotisha.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliichukua habari hiyo na kuifanya tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Jukwaani nako huwezi kuonyesha kilichotokea chini ya maji. Mtazamaji anabaki na swali kama walivyobaki watu wa wakati ule.

Na swali hilo halikuwa la mchezo. Imani katika maji ya Kinjikitile iliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita vikiwa bado vichanga. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa, wengi kwa njaa iliyofuata, walifika 300,000. Kitu ambacho hakuna aliyekiona kwa macho kinaweza kuitikisa nchi.

Kambi ya tatu: msimulizi

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapouvuruga ubishi wote, maana wengi hawakukutana na hadithi hizi peke yao na kitabu, wala peke yao na pazia. Walikutana nazo kupitia mtu anayesimulia.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Waingereza wenye makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ulipiga filamu zipatazo 35 za kuwaelimisha Waafrika kuhusu kilimo, afya na kodi. Zilipigwa bila sauti, na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yakachezwa kwenye santuri. Ni kazi ya benshi, ila ndani ya sahani.

Miaka mingi baadaye kazi hiyo ikahamia vibanda umiza. Lufufu, jina la kazi la Derek Mukandala, alijulikana sana kwa kuzisimulia muvi za nje kwa Kiswahili. Hakuishia kutafsiri. Aliigiza sauti, akaeleza asiyeelewa, akatia utani. Karishika, filamu ya kutisha ya Nigeria ya miaka ya 1990, ni mojawapo ya zilizosimuliwa upya kwa Kiswahili. Kenya wana DJ Afro anayefanya kazi ya namna hiyo.

Na Watanzania wakatengeneza za kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka na kisha Shumileta, filamu zilizochanganya mizimu na majini na mitindo ya Hollywood na Nollywood. Kama ulikuwa mtoto wakati huo, huenda bado unakumbuka usiku ulioshindwa kwenda chooni peke yako.

Kinachotisha kweli: kupotea

Mashabiki wa kambi zote wanaafikiana kwenye jambo moja. Kitabu kikipotea dukani, kunaweza kubaki nakala nyingine kwenye sanduku la mtu. Filamu ikipotea, mara nyingi imekwenda.

Nosferatu yenyewe iliponea chupuchupu. Waliotengeneza hawakuwa na ruhusa ya kuitumia Dracula. Mjane wa Stoker, Florence, akawashtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Ipo leo kwa sababu nakala kadhaa zilikuwa zimeshasambaa kwingine.

Nyingine hazikuwa na bahati hiyo. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa takriban asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za Marekani zimepotea kabisa. London After Midnight ya Lon Chaney ni moja ya hizo. Nakala ya mwisho iliyojulikana iliteketea kwa moto kwenye ghala miaka ya 1960. Na zile 35 za Vugiri? Zinazojulikana kubaki ni tatu tu.

Kanda za VHS na CD za vibanda umiza zipo njia hiyohiyo. Unyevu wa delta unaota ukungu kwenye kanda, na CD inakwaruzika hadi inagoma. Sauti ya msimulizi aliyeifanya Karishika iongee Kiswahili haiko kwenye nakala ya Nigeria. Iko kwenye ile kanda tu.

Uanzie wapi?

Kama bando ni dogo, anza na Frankenstein ya mwaka 1910, iliyotengenezwa na kampuni ya Edison. Haifiki dakika 20. Nayo iliwahi kudhaniwa imepotea, hadi miaka ya 1970 ilipojulikana kuwa mkusanyaji mmoja wa filamu huko Wisconsin, Marekani, alikuwa na nakala.

Ukiwa na bando la kutosha, tafuta Nosferatu. Inapatikana mtandaoni bure, na huhitaji hata earphone. Siku inayofuata soma Mzimu wa Watu wa Kale, halafu amua mwenyewe.

Ukishindwa kuamua, mkalishe mzee mmoja wa Mbwara jioni, mwombe hadithi iliyomtisha utotoni, na ubonyeze kitufe cha kurekodi. Hiyo haina kitabu wala filamu, na nakala yake ya kwanza itakuwa kwenye simu yako.