Mkia wa Kiluwiluwi

Mwaka 1962, huko Boston, Jerome Gross na Charles Lapière waliweka vipande vya mkia wa kiluwiluwi juu ya kolajeni. Kolajeni ikayeyuka. Mkia ulikuwa ukitoa kimeng'enya kinachovunja protini. Ndivyo kiluwiluwi anavyoupoteza mkia na kuwa chura.

Kwetu Kisarawe jambo hilo halikuhitaji maabara. Bibi alipaka nyama ngumu utomvu wa papai bichi, ikalainika.

Nilikumbuka papai lile nikimsindikiza mjomba kutoka Kibaha kwenda Muhimbili, uvimbe wa glioblastoma ukiwa kichwani mwake. Uvimbe huo hutumia vimeng'enya vya jamii ile ya Gross, pamoja na katepsini B, ndugu kabisa wa kimeng'enya cha papai, kula kinachoshikanisha seli na kujipenyeza ubongoni. Ndiyo maana kisu hakiumalizi. Dawa ya kuvizuia vile vya jamii ya Gross, marimastat, ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani miaka ya 1990. Wenye glioblastoma haikuwaongezea siku.

Njiani mjomba aliniuliza nasoma nini hasa huko chuoni.

“Viluwiluwi, mjomba.”

Alicheka kuanzia Kibamba mpaka Mbezi.