Kumbukumbu ya Meli Khedive Ismail na Askari Wetu wa Mizinga

Kurasa hizi kwa desturi huwa za hesabu: ada zilizoingia, misaada iliyotoka, na akiba iliyobaki benki. Mwaka huu kamati imetuagiza tuongeze habari kidogo ya zamani, nasi twaona ni haki kueleza kwanza sababu yake, maana watakuwapo watakaouliza kwa nini chama cha wachuuzi wa Soko la Toi kijishughulishe na meli iliyozama katika Bahari ya Hindi mwaka 1944.

Katika mkutano mkuu alisimama mwanachama wetu mmoja, muuza mitumba kutoka Kawangware, akaomba fedha za mazishi kwa ajili ya ndugu yake aliyekufa maji katika Ziwa Viktoria. Mwili ulitafutwa siku nyingi usionekane. Mweka hazina alifungua kitabu cha kanuni akasoma kifungu: fedha hutolewa kwa kununua jeneza na kusafirisha maiti. Maiti hapana, jeneza hapana, basi na fedha hapana. Kifungu hicho hatukupewa na serikali wala na mtu mwingine. Tulikiandika sisi wenyewe, na siku ile tulikiona kuwa sawa. Yule ndugu aliketi kimya. Ndipo aliposimama mzee mmoja wa Makina, Mnubi, akauliza neno moja tu: "Na wale wa Khedive Ismail, je, hawakufa?"

Walioelewa swali lile hawakufika watano. Mzee akaeleza kwamba baba yake mdogo alikuwa askari wa mizinga, akapanda meli Kilindini, na tangu hapo nyumbani kwao halikupata kuonekana kaburi. Kwa hiyo tuliagizwa tutafute habari kamili, nazo ni hizi.

Khedive Ismail haikujengwa kuwa manowari. Iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa kampuni ya Chile, nayo ikaitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri ikapewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Waingereza waliichukua mwaka 1940 wakaifanya meli ya kusafirishia askari. Ilipong'oa nanga Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 ilikuwa ikielekea Colombo, katika kisiwa cha Ceylon ambacho leo twakiita Sri Lanka. Huko ndiko ilikokusanyika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikijitayarisha kwenda kupigana na Wajapani nchini Burma.

Ndani ya meli walikuwamo watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, na hesabu iliyochapwa mara nyingi ni ya watu 996, maofisa na askari. Walikuwamo pia mabaharia wa jeshi la Uingereza waliokuwa wakisafiri kwenda kazini, wauguzi wanawake zaidi ya 50, wanawake wengine wa majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini, na mabaharia wa meli yenyewe. Yapasa tukumbuke askari wale wa mizinga walikuwa watu wa namna gani. Mzinga si bunduki. Huhitaji watu wanaojua kusoma namba, kupima umbali, na kushika amri ya haraka bila kukosea, hivyo wengi wao walikuwa vijana waliokwisha kufundishwa kwa muda mrefu. Walitoka makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili kile cha Keya ambacho walimu wetu wa misheni walitukataza kukisema darasani.

Msafara ulikuwa wa meli tano za abiria. Zililindwa na manowari kubwa Hawkins, na baadaye zikaongezeka manowari mbili nyepesi ziendazo kasi, Petard na Paladin. Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, walikuwa karibu na visiwa vya Maldives, kusini magharibi yake. Bahari ilikuwa shwari. Yasemekana kwamba mchana ule watu wengi walikuwa wamekusanyika ukumbini wakisikiliza muziki, na askari wengi walikuwa chini katika vyumba vyao. Saa nane na nusu hivi nyambizi ya Kijapani, I-27, ilipiga Khedive Ismail kwa torpido mbili. Meli ililala ubavu, ikapasuka, ikazama. Haikupita dakika tatu.

Tumejaribu kuzipima dakika hizo kwa saa ya ukutani afisini. Mtu aliye ghorofa ya chini, ngazi zikiwa zimevunjika na taa zimezimika, hapati nafasi hata ya kuvaa viatu. Waliokufa ni 1,297. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake sita.

Lililofuata ni gumu kulisimulia, na baadhi ya wanakamati walitaka tulipite. Hatukulipita. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari ziliokoa baadhi yao, walakini zilikuwa na amri ya kulinda meli nyingine zilizobaki, na nyambizi ile ingeweza kupiga tena. Basi zilitupa mabomu yanayolipuka chini ya maji, ilhali watu walikuwamo majini wakiomba kuokolewa. Bomu la namna ile humuua aliye karibu bila kumgusa, kwa nguvu ya maji peke yake. Nyambizi ilipanda juu. Paladin iliikimbilia ili kuigonga, ikapasuliwa ubavu yenyewe. Petard ikaipiga kwa mizinga isiizamishe, kisha ikatupa torpido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza. Wajapani karibu 100 walizama nayo, nao pia wamelala huko. Walionusurika walipelekwa Addu, kisiwa cha kusini kabisa katika Maldives.

Sisi hatuthubutu kumhukumu nahodha kwa amri aliyoitoa siku ile. Twasema tu kwamba jamaa wa askari huku bara, kwa miaka mingi, hawakupata kuelezwa jambo hilo. Katika nyumba ya yule mzee wa Makina habari ilifika kwa maneno mawili, "amepotea baharini", na mama yake yule kijana aliendelea kumwekea chakula kila jioni ya Idi mpaka alipokufa mwenyewe. Kwa maana neno "amepotea" si sawa na "amekufa". Aliyepotea huenda akarudi.

Sasa twafika karibu na soko letu. Barabara ya Ngong hupita hapo juu yetu, na ukiifuata kuelekea magharibi utafika kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Wengi wetu tumepita hapo ndani ya matatu mara elfu, tukidhani ni makaburi ya Wazungu. Si hivyo. Ndani yake pana mnara uitwao Ukumbusho wa Afrika Mashariki, uliojengwa kwa ajili ya askari wa nchi kavu ambao kaburi lao halijulikani: waliokufa Somalia na kusini mwa Ethiopia, waliokufa Madagaska mwaka 1942, na pamoja nao askari wa mizinga wa Khedive Ismail, karibu 500. Majina yao yamechongwa. Tulikwenda watatu, katibu, mweka hazina na yule mzee. Mzee alivua kofia, akapitisha kidole chini ya kila mstari, polepole, kama asomavyo mtoto wa darasa la kwanza. Jina la baba yake mdogo alilipata. Alilisoma kwa sauti mara tatu, kisha akasema kwamba wameliandika herufi moja vibaya.

Kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu, hatukuweza kuondoka pale bila kuhesabu. Ikiwa watu wa rejimenti ile walikuwa 996, hata tukiwatia wanaume wote 208 waliookoka katika rejimenti hiyo peke yake, jambo lisilowezekana kwa kuwa mabaharia nao waliokoka, wafu wake wanazidi 780. Kwa hiyo mnara ule wa Ngong Road hauwachukui wote. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Walakini twajua historia ya majina ya Waafrika katika vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi wetu, wale waliotuachia jina la Kariakor, walikufa kwa makumi ya maelfu bila kuandikwa. Na mwaka 2021 tume yenyewe inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba Waafrika na wengine wengi hawakukumbukwa sawa na wenzao. Askari wa shaba wanaosimama Kenyatta Avenue tangu mwaka 1928 ni wazuri wa kutazamwa, lakini hawana majina.

Tulijifunza pia kwamba chombo kilichozama na watu wake huweza kuhesabiwa kuwa kaburi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya vyombo vya kijeshi, na mwaka 2006 mahakama ya rufani huko iliamua, katika shauri la meli Storaa, kwamba hata meli ya biashara iliyokuwa katika msafara wa kijeshi yaweza kulindwa na sheria hiyo. Ulinzi huu si wa bure. Mwaka 2016 wapiga mbizi walikwenda kuzitazama manowari za Kiholanzi zilizozamishwa katika Bahari ya Java mwaka 1942, wakakuta mashimo tu mchangani: zilikuwa zimekatwakatwa na kuchukuliwa. Wauza vyuma chakavu wa sokoni kwetu waliposikia habari hiyo walicheka kwanza, maana wanajua bei ya shaba nyeupe na nyekundu kuliko sisi. Halafu mmoja akauliza mifupa ilipelekwa wapi, na kicheko kikaisha.

Wako waliosema kwamba kaburi la baharini ni jambo la Wazungu na sheria zao, na kwamba Mwafrika hazikwi bila udongo. Jibu tulilipata hapa hapa mtaani. Wajaluo, mtu akipotea majini au vitani asionekane, huchukua tunda la mwegea, wao huliita yago, wakalizika kaburini kama mwili, watu wakalia, matanga yakakaa. Waluhya wengi huzika shina la mgomba. Waislamu wa Makina wana sala ya maiti asiyekuwapo, na katika mafundisho yao aliyekufa maji huhesabiwa shahidi. Basi wazee wa pande zote walikwisha kulijua jambo ambalo kitabu chetu cha kanuni hakikulijua. Kibra yenyewe, kabla haijaitwa Kibera, ilikuwa msitu walimopewa makao askari Wanubi wa Keya. Na wenye makao hayo hawakuhitaji kufundishwa na kamati namna ya kumlilia askari asiyerudi.

Tena twapaswa kukumbuka Januari 2008, soko letu lilipochomwa moto katika ghasia za baada ya uchaguzi. Asubuhi yake hapakuwa na kibanda, palikuwa na majivu. Kazi ya kwanza haikuwa kutafuta mabati. Ilikuwa kuandika majina: nani alikuwa wapi, jirani yake wa kulia nani, wa kushoto nani. Aliyekosa kuandikwa siku zile alipata taabu kubwa kurudi mahali pake, na wengine wanalalamika hadi leo, baadhi yao kwa haki.

Kamati ilikaa mara mbili juu ya swali la mzee. Kikao cha kwanza kilivunjika kwa maneno, kwa sababu mweka hazina alihofu, wala hofu yake si ya kipumbavu, kwamba watu watakuja na vifo visivyo na ushahidi. Kikao cha pili kilikubaliana. Kifungu cha mazishi sasa chataja msiba, si maiti. Na pasipokuwa na mwili, barua ya chifu pamoja na mashahidi wawili wa ukoo yatosha. Ndugu yetu wa Kawangware alilipwa sawa na wengine, ijapokuwa alicheleweshwa miezi minne, na kosa la kumchelewesha ni letu.

Tena imekubaliwa kwamba kila tarehe 12 Februari wanachama watakaopenda watakwenda kwa miguu mpaka kwenye mnara. Hakuna ada. Maua yatanunuliwa kwa mchango wa hiari, si kwa fedha za chama. Watu wakutane saa moja na nusu asubuhi kwenye mlango wa soko ulio upande wa Ngong Road, ili wenye vibanda warudi kabla ya wateja kuwa wengi. Mwenye jamaa aliyepanda meli ile alete jina lake kwa katibu likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa, pamoja na jina la baba, kijiji na lokesheni ya kwao, kwa kuwa majina hufanana, na tunataka kuyalinganisha moja moja na yale ya ukutani.