Al-Azhar na Mwendo wa Mageuzi Yake

Msikiti wa Al-Azhar ulianza kujengwa mjini Kairo mwaka 970, na kwa karne nyingi masomo yake hayakuwa na kanuni iliyoandikwa. Mwanafunzi huketi penye nguzo ya sheikh wake, akasoma kitabu na sharhi yake, na sheikh akiridhika humpa ijaza. Wageni walikaa katika riwaki zao, na Majabarti wa Uhabeshi walikuwa na yao. Mtihani haukuwako, wala idadi ya miaka.

Mwaka 1872 ndipo ilipotolewa kanuni ya kwanza: atakaye kuwa alimu apimwe na mashekhe 6 katika elimu 11. Mwaka uo huo Ali Mubarak, aliyetaka walimu wa Kiarabu wajuao hisabu na jiografia, hakungoja. Aliasisi Dar al-Ulum nje ya Al-Azhar, akachukua wanafunzi kutoka humo humo. Njia hiyo ni ya haraka, lakini nyumba ya zamani hubaki ilivyokuwa.

Sheikh Muhammad Abduh, naye mwana wa Al-Azhar, alitaka kuigeuza toka ndani. Aliingia katika baraza la uongozi mwaka 1895. Yaliyofaulu ni yale yaliyoonekana madogo: mishahara ikapangwa, tabibu akawekwa, vitabu vilivyotawanyika vikakusanywa katika maktaba moja. Kanuni ya 1896 iliweka miaka 8 kwa shahada ya kwanza na 12 kwa ualimu. Lakini alipogusa namna ya kusomesha, na vitabu vya hawashi vilivyohifadhiwa kwa vizazi, alipingwa mno. Khedive Abbas Hilmi naye akamgeuka. Alijiuzulu mwaka 1905, akafariki miezi michache baadaye.

Si haki kuwaita wapinzani wake wajinga wote. Waingereza walikuwa wameikalia Misri tangu 1882, na mashekhe wengi waliona Al-Azhar ndiyo mali pekee ambayo mkono wa mgeni haujaifikia. Tena palikuwa na wakfu na mgao wa mikate, na riziki haichezewi. Kanuni ya 1908 ilipokuja, wanafunzi waligoma mwaka 1909. Ikabidi itungwe nyingine mwaka 1911.

Vyuo vitatu, vya Usul-ud-Din, Sheria na Kiarabu, vilipatikana kwa kanuni ya 1930. Mwaka uliofuata wanazuoni kadhaa waliodai zaidi waliondolewa kazini, na miongoni mwao Mahmud Shaltut. Huyo ndiye aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar mwaka 1961, sheria nambari 103 ilipoleta utabibu, uhandisi na chuo cha mabinti. Safari hii mambo yalikwenda mbio, kwa kuwa serikali ndiyo iliyoyasukuma. Na sheria iyo hiyo ikavunja Baraza la Maulamaa Wakuu. Baraza hilo lilirudishwa mwaka 2012, likapewa haki ya kumchagua Sheikh wa Al-Azhar.